Shemeji yangu ana miaka 22 na bado yuko ligi ndogo za besiboli: aendelee au aache?

Swali: "Naishi Lawrence, Massachusetts, na nimeolewa na Mdominika kutoka San Pedro de Macorís, mji wa Jamhuri ya Dominika. Mdogo wake mume wangu ni mchezaji wa besiboli wa kulipwa. Alisaini mkataba mwaka 2021 akiwa na miaka 17, akapewa dola 60,000 ambazo zimekwisha zamani. Sasa ana miaka 22 na yuko daraja la A ya Juu. Alisajiliwa kama shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu), lakini mwaka jana walimhamishia besi ya pili, na siku nyingine hucheza besi ya tatu au hukaa benchi. Yeye anasema amebakiza hatua moja tu. Mama mkwe anaamini kijana ni tajiri na anaificha familia, ilhali mume wangu ndiye humtumia fedha kila majira ya baridi. Je, ana nafasi ya kweli ya kufika ligi kuu? Kama timu yake haimtaki, kwa nini asihame? Na wakimwacha, anaweza kukaa kwetu akatafuta kazi hapa Marekani?"

Jibu:

Dada yangu, nimeyasoma maswali yako yote matatu, na naona kwamba chini yake kuna hofu moja: kwamba familia inaweza kumvunja moyo kijana aliyekaribia kufanikiwa, au kinyume chake, ikaendelea kugharamia ndoto ambayo klabu yenyewe imekwisha kuiacha. Siwezi kukuambia kama shemeji yako atafika, maana sijamwona akicheza. Ninachoweza ni kukueleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, ili maneno yake, ya kocha wake na ya mama mkwe uweze kuyapima mwenyewe.

Nianze na hiyo "hatua moja". Tangu mageuzi ya mwaka 2021, klabu 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) zina timu 120 za ligi ndogo, yaani timu za kukuzia wachezaji, zinazocheza msimu mzima, zilizopangwa katika madaraja manne: A, A ya Juu, AA na AAA. Chini yake kuna ligi za kambi za Arizona na Florida, na chini zaidi Ligi ya Kiangazi ya Dominika, ambako vijana wengi wa kwao huanzia, kwenye akademi zilizojaa maeneo ya Boca Chica. Kutoka A ya Juu hadi ligi kuu zimebaki ngazi tatu, kwa maana ya AA, AAA na ligi kuu yenyewe. Ninadhani hakusudii kuwadanganya. Pengine anaihesabu hatua ya kwenda AA, kwa sababu wachezaji wenyewe huiona kuwa ndiyo ngumu kuliko zote. Katika A ya Juu mpigaji anaweza kusubiri mrushaji akosee kisha aupige mpira wa kasi ulionyooka; katika AA anakutana na warushaji wanaoweza kutupa mpira wa kupinda hata pale wanapolazimika kuupitisha ndani ya eneo la mpigaji, na hapo wapigaji wengi waliokuwa nyota huko chini hugundulika kuwa walikuwa wakiishi kwa makosa ya wenzao.

Sasa suala la kuhamishwa nafasi, ambalo naona linakutia wasiwasi kuliko inavyostahili. Walinzi wa ndani ni wanne, na kati yao shotistopu, anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, ndiye anayehitaji miguu myepesi na mkono wenye nguvu kuliko wengine. Klabu zinapokwenda Jamhuri ya Dominika kutafuta vijana wa miaka 16, husajili mashotistopu kwa wingi, kwa hoja kwamba anayeweza kucheza hapo anaweza kuhamishiwa karibu popote, ilhali mlinzi wa besi ya kwanza hawezi kupandishwa kuwa shotistopu. San Pedro, mji wa mumeo, ulijipatia sifa ya kiwanda cha mashotistopu tangu enzi za Alfredo Griffin, Rafael Ramírez na Tony Fernández. Matokeo yake ni kwamba klabu moja inaweza kuwa na vijana kumi waliosajiliwa kwa nafasi moja, na kila jioni timu inahitaji mmoja. Wengine wote lazima wahamie mahali. Kuhamia besi ya pili, kwa hiyo, si adhabu, wala si kupandishwa cheo. Tena tangu mwaka 2023, kanuni zilipolazimisha walinzi wawili wa ndani wabaki kila upande wa besi ya pili na wote wasimame kwenye udongo wakati mrushaji anapotupa, mlinzi wa besi ya pili hawezi tena kujificha nyuma kwenye majani. Lazima awe na mwendo wake mwenyewe.

Kipimo halisi ni kingine. Muulize shemeji yako anaanza mechi ngapi kati ya sita za wiki. Ligi ndogo za msimu mzima hucheza sita kwa wiki, na Jumatatu huwa ni mapumziko. Mchezaji anayehamishwa huku na huko lakini anaanza mara tano ni mtu ambaye klabu inataka kumwona akipiga kila siku. Anayeanza mara mbili, na hizo ni siku ambazo mwenzake anapumzishwa, yuko pale ili timu itimie. Katika besiboli kuna tabaka zima la wachezaji wa namna hiyo, wenye adabu, wanaojituma, wanaopendwa na makocha, ambao kazi yao ya kweli ni kuwapa mazoezi wale wachache ambao klabu imewekeza kwao. Hakuna kocha atakayemwambia hivyo waziwazi, lakini karatasi ya kikosi inayobandikwa ukutani kila mchana husema.

Hata hivyo, usiidharau kazi ya kucheza nafasi tatu. Kikosi cha ligi kuu kina wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Kwa kawaida hubaki 13 wengine. Ondoa tisa wanaoanza, akiwemo mpigaji maalumu asiyekaa ulinzini, kisha ondoa mdakaji wa akiba. Vinabaki viti vitatu, na angalau kimoja lazima akikalie mtu anayeweza kucheza besi ya pili, ya tatu na ushotistopu bila kuitia timu aibu. Wapo watu waliokaa ligi kuu miaka mingi kwa kiti hicho tu. Na mshahara wa chini wa ligi kuu kwa mwaka 2026 ni dola 780,000, kwa hiyo hata msimu mmoja wa kukalia kiti hicho hubadilisha maisha ya ukoo.

Mama mkwe anaamini mwanawe ni tajiri. Hapa naomba umsaidie kwa hesabu, kwa sababu mgogoro huu naukuta katika familia nyingi za wachezaji, na mara nyingi kijana mwenyewe huona haya kuusema ukweli. Dola 60,000 za kusaini hazikufika mikononi mwake zote. Katika Jamhuri ya Dominika kijana hulelewa na buscón, yaani mkufunzi ambaye pia ni wakala wake. Huyo humlisha na kumfundisha tangu utotoni, kisha huchukua sehemu ya fedha za usajili, ambayo mara nyingi ni asilimia 30 na wakati mwingine zaidi. Kwa kiwango hicho, dola 18,000 ziliondoka siku ileile, na kilichobaki kilikuwa dola 42,000 kabla ya kodi, kabla ya mabati na saruji za nyumba ya mama, na kabla ya ndugu wote waliojitokeza. Mshahara nao ulikuwa wa kudhalilisha mpaka juzi tu: hadi mwaka 2022 kima cha chini katika madaraja ya A kilikuwa takriban dola 11,000 kwa mwaka. Wachezaji wa ligi ndogo walijiunga na chama cha wachezaji wa ligi kuu mwaka 2022, na mkataba wao wa kwanza wa pamoja, wa mwaka 2023, ulipandisha kima hicho hadi dola 26,200 katika daraja A, 27,300 katika A ya Juu, 30,250 katika AA na 35,800 katika AAA. Wanaocheza Ligi ya Kiangazi ya Dominika hawakuhusishwa, kwa hiyo kama shemeji yako alianzia huko, muda ule hakunufaika na chochote kati ya hayo. Leo klabu humpa makazi wakati wa msimu, na hilo ni jambo kubwa, lakini mshahara wa kiwango hicho, kabla ya kodi, wewe unayelipa pango Massachusetts unajua unafika wapi. Hafichi utajiri, hana.

Swali lako la pili, kwa nini asihame, lina jibu fupi lisilopendeza: hana ruhusa. Kwa kuwa alisaini kabla ya kutimiza miaka 19, klabu ina haki naye kwa misimu saba. Kama msimu wake wa kwanza ulikuwa wa mwaka 2021, basi atakuwa mchezaji huru baada ya msimu wa 2027, akiwa na miaka 24 hivi. Kabla ya hapo anaweza kuuzwa, kubadilishwa na mwingine, au kuachwa, lakini si kuondoka kwa hiari yake akaenda klabu nyingine. Kuna mlango mmoja wa pembeni, nao ni uteuzi wa kila Desemba unaoitwa Kanuni ya Tano. Mchezaji wa aina yake akishatimiza misimu mitano bila kuwekwa kwenye orodha ya watu 40 wanaolindwa na klabu, klabu nyingine inaweza kumchukua kwa dola 100,000, kwa sharti kwamba imweke kwenye kikosi cha ligi kuu msimu mzima unaofuata, la sivyo arudishwe kwa nusu ya bei. Kwa hesabu ya mwaka aliosaini, shemeji yako alikuwa wazi kuchukuliwa Desemba 2025. Kwamba hakuchukuliwa si hukumu ya mwisho, maana sharti lile ni zito na kila mwaka mamia huachwa. Lakini pia inatueleza kuwa klabu yake haikuona haja ya kumlinda na nyingine hazikuona haja ya kumnyakua. Habari hiyo iwekeni mezani bila kuipamba.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji huliepuka mazungumzoni. Kila klabu imewekewa kikomo cha wachezaji 165 wa ligi ndogo walioko Marekani, kikomo kilichoshuka kutoka 180. Kila Julai hufanyika uteuzi wa wachezaji wa Marekani na Kanada wenye raundi 20, na wengi wanaoingia ni vijana wanaotoka vyuo vikuu wakiwa na miaka 21 au 22, umri uleule wa shemeji yako, ambao wengine huanzia moja kwa moja madaraja ya A. Anapoingia mmoja, mmoja hutoka. Wa kwanza kutoka huwa yule aliyegharimu fedha kidogo, kwa sababu mkuu wa ofisi ya klabu aliyelipa dola milioni mbili kwa kijana fulani atampa miaka ya kujirekebisha ili asionekane alikosea, ilhali aliyesajiliwa kwa dola 60,000 hana mtu ofisini ambaye sifa yake inamtegemea.

Najua mtanijibu kwa majina. Kila familia ya Kidominika huyajua majina ya nyota waliosaini kwa fedha kidogo: Miguel Tejada wa Baní alisaini kwa dola 2,000, José Ramírez, naye wa Baní, kwa dola 50,000, Elly De La Cruz kwa dola 65,000. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu siwezi kusema fedha ndogo hufunga mlango. Lakini tazameni umri pia. Ramírez aliingia ligi kuu akiwa bado na miaka 20, De La Cruz akiwa na 21, Tejada akiwa na 23. Walipofika umri alio nao shemeji yako, wawili kati yao walikuwa wamekwisha kuingia. Mchezaji aliyedharauliwa wakati wa kusaini na bado akawa nyota kwa kawaida huanza kuonekana mapema kwa wale wanaomwona kila siku. Kwa upande mwingine, miaka 22 katika A ya Juu ni umri wa kawaida. Hajazeeka, na hachezi na watoto. Yuko katikati hasa, na mtu aliye katikati ndiye mgumu kuliko wote kumshauri.

Maoni yangu, basi, ni haya. Msimwambie aache sasa. Ana mkataba, ana mshahara ambao waliomtangulia hawakuupata, analala mahali panapolipiwa na klabu, na akiondoka kwa hiari yake kabla ya wakati atapoteza vyote hivyo na kubaki na swali ambalo atawauliza ninyi miaka yote. Badala yake kaeni naye mkubaliane alama inayoonekana. Mimi ningeiweka hivi: kama kufikia katikati ya mwaka 2027 hajapanda AA na kuanza mechi nyingi za wiki, uhuru atakaoupata mwishoni mwa msimu ule usichukuliwe kama mlango wa ligi kuu. Utakuwa uhuru wa kutafuta riziki ya besiboli kwingine, na riziki hiyo ipo: ligi ya Mexico, ligi huru za Marekani kama ile ya Atlantic, Italia, ambako Wadominika wengi wamecheza, na nyumbani kwenyewe ligi ya majira ya baridi yenye timu sita, ikiwemo Estrellas Orientales ya San Pedro. Msidhani tu kwamba hiyo ya nyumbani ni rahisi kuingia. Miezi ya Oktoba hadi Januari huwavutia hata watu wa ligi kuu, na kijana wa A ya Juu huenda akatazama mechi nyingi kuliko atakazocheza.

Ama kuhusu maisha baada ya kucheza, yupo mtu wa mji wa mumeo ambaye ningependa shemeji yako asome habari zake kuliko za Tejada. Manny Acta alizaliwa San Pedro de Macorís mwaka 1969, akasaini na Houston Astros kama mlinzi wa ndani, akacheza ligi ndogo kwa miaka kadhaa bila kupita AA. Kama mchezaji alishindwa, kwa kipimo cha wengi. Lakini aligeukia ukocha akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini, akafundisha madaraja ya chini mwaka baada ya mwaka, akaiongoza timu ya taifa ya Dominika katika mashindano ya dunia ya 2006, akawa meneja, yaani kocha mkuu, wa klabu za ligi kuu: Washington Nationals kuanzia 2007 na Cleveland kuanzia 2010. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Kilichomfikisha ni kuujua mchezo kwa undani na kuzimudu lugha mbili, kwa sababu katika chumba chenye Wamarekani na Walatini, mtu anayeaminiwa na pande zote mbili ni adimu. Shemeji yako yuko mahali ambapo masomo ya Kiingereza hutolewa na klabu. Ayahudhurie yote, hata akiwa amechoka. Na kama aliacha shule ili asaini, kama walivyofanya wengi, Jamhuri ya Dominika ina mpango wa PREPARA wa kuwawezesha watu wazima kumaliza elimu ya sekondari. Bila cheti hicho hata akademi zinazoajiri makocha vijana zitampita.

Nimeliacha swali la tatu mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Hapana, hawezi tu kubaki kwenu akatafuta kazi. Wachezaji wa ligi ndogo kutoka nje huingia Marekani kwa visa ya P-1, ambayo inamruhusu kufanya kazi moja tu, besiboli, kwa mwajiri aliyemwombea. Klabu ikimwacha, msingi wa visa hiyo unaondoka. Kusambaza vyakula kwa gari la mumeo au kusaidia kwenye ghala la rafiki "kwa wiki chache tu" ni kufanya kazi bila kibali, na kunaweza kumfungia njia ya kurudi hata kama timu nyingine itamtaka msimu unaofuata. Mumeo, akiwa raia, anaweza kumwombea mdogo wake ukazi wa kudumu, lakini foleni ya ndugu wa raia ni ya zaidi ya mwongo mmoja, na maombi hayo hayampi haki ya kubaki wakati akisubiri. Kwa hili usitegemee jibu langu wala la jirani. Tafuteni wakili wa uhamiaji mwenye leseni, mkamwone kabla hajaachwa. Machi mwishoni, mazoezi ya kabla ya msimu yanapokwisha, na Julai baada ya uteuzi ndiyo nyakati ambazo wengi huitwa ofisini, na mtu aliyeitwa asubuhi anaweza kuwa uwanja wa ndege kesho yake.

Yapo mengine mawili yanayohitaji mtu wa ana kwa ana. Kama ana maumivu ya bega, goti au mgongo ambayo amekuwa akiyaficha ili asipoteze nafasi, na nahisi kwamba anayo, basi ayaripoti kwa daktari wa klabu sasa hivi na yaandikwe, kwa sababu jeraha lililopatikana kazini lina haki zake za matibabu, na haki hizo huwa ngumu kudai likijulikana baada ya kuachwa. Asitie saini karatasi yoyote ya kuondoka ambayo hajaielewa kwa Kihispania; chama cha wachezaji kinamwakilisha naye pia, na ana haki ya kukipigia simu kabla ya kusaini. Pia, kama mumeo ameona kwamba kijana hapokei simu, halali, au anazungumza kana kwamba bila besiboli hana thamani, hilo msilichukulie kuwa ni uvivu wala ukali wa tabia. Klabu zina washauri wa afya ya akili wanaozungumza Kihispania, na kama haamini watu wa klabu, tafuteni mtaalamu nje.

Kuhusu fedha za majira ya baridi, ningependekeza mumeo asizikate ghafla, ila azitaje wazi kuwa ni kwa ajili ya chakula na mazoezi, kiasi kilekile kila mwezi, hadi mwisho wa msimu wa 2027. Na mama mkwe aelezwe na mtoto wake mwenyewe kwa simu, mumeo akiwepo, kuanzia zile dola 18,000 za buscón.